Tungulu na Tangawizi: Miti Shamba ya Nkore na Safari Yake hadi Nakivale

Jina "tangawizi pori", kama linavyotumika katika nchi za Maziwa Makuu, halitaji mmea mmoja. Ni jina la jumla la mimea kadhaa ya mwituni iliyo katika ukoo mmoja na tangawizi ya sokoni, ukoo ambao wataalamu wa mimea huuita Zingiberaceae na ambao pia ndani yake zimo iliki na manjano. Katika misitu na mabonde ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, mmea unaostahili zaidi jina hilo ni ule ambao Waganda huuita tungulu, au matungulu kwa wingi, na ambao kitaalamu ni wa jenasi ya Aframomum, yaani kundi la mimea ya Afrika inayokaribiana sana na iliki ya Asia. Mashina yake yenye majani marefu hupita urefu wa mtu, lakini maua na matunda hutokea chini kabisa, karibu na udongo, kana kwamba ni ya mmea mwingine. Tunda likiiva huwa jekundu, lenye umbo la chupa ndogo, na ndani yake mna nyama nyeupe yenye uchachu inayopendwa na watoto, pamoja na mbegu ndogo ngumu ambazo zikitafunwa huwasha ulimi kwa ukali unaofanana na wa pilipili manga na iliki kwa pamoja.

Historia ya mmea huu haikuandikwa na wenyewe walioutumia, lakini imehifadhiwa mahali ambapo wanahistoria wengi hawatazami mara ya kwanza, nako ni katika majina. Mganda husema tungulu kwa tunda la porini na akatungulu kwa kitunguu cha jikoni. Mnyankore wa kusini-magharibi mwa Uganda husema akatunguru kwa kitunguu. Mnyarwanda husema igitunguru. Msemaji wa Kilingala husema litungulu. Na Mswahili, ambaye lugha yake iliidondosha sauti ya l katikati ya maneno mengi, kama ilivyofanya okuguru ya Wanyankore kuwa mguu, husema kitunguu. Mbali kusini, Wazulu huuita indungulo mmea mwingine wa ukoo wa tangawizi, Siphonochilus aethiopicus, ambao mzizi wake hutafunwa kwa ajili ya kikohozi na mafua, na ambao umechimbwa sana kwa ajili ya masoko ya dawa hata ukakaribia kutoweka porini katika sehemu za Afrika Kusini. Kitunguu ni mgeni katika bara hili, na mgeni hurithi jina la mwenyeji anayefanana naye. Kwa hiyo ni vigumu kuepuka wazo kwamba jina hili la kale la Kibantu lilikuwa kwanza la mmea wa porini wenye ladha kali, na kwamba kitunguu kilipofika kilivikwa jina ambalo tayari lilikuwa na heshima jikoni na kwa waganga.

Tangawizi yenyewe ilisafiri kwa njia ya kinyume. Mmea huo, ambao kwa kitaalamu huitwa Zingiber officinale, asili yake ni Asia, na umelimwa kwa muda mrefu kiasi kwamba leo haujulikani ukiota mwituni popote. Wagiriki na Warumi wa kale waliupata kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, Waarabu wakauita zanjabil, jina linalotajwa katika Kurani katika sura ya 76, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki wakawa na tangawizi. Kutoka pwani neno hilo lilipanda bara pamoja na misafara. Waganda wanasema entangawuzi, na magharibi zaidi, hadi katika Kilingala, linasikika kama tangawisi. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara kutoka pwani, anatajwa kuwa alifika katika ikulu ya Buganda mwaka 1844, na katika miongo iliyofuata njia kuu ya misafara ilitoka Tabora ikapita Karagwe, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, kisha ikaelekea kaskazini hadi Buganda, ikiiacha Nkore, nchi ya Wanyankore, pembeni mwa njia. Hata hivyo, huko Nkore pia majina mawili yalikutana, moja la msituni na moja la baharini, na hadi leo mimea yote miwili hutumika kwa shida zilezile: tumbo lililojaa gesi, kichefuchefu, kikohozi, baridi inayoingia mwilini.

Kufanana huko hakutokani na imani tupu. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli, ambayo tangawizi ikikaushwa hubadilika kwa sehemu kuwa shogaoli iliyo kali zaidi, na kemikali za jamii hiyohiyo zimepatikana pia katika mbegu za Aframomum melegueta, ndugu wa tungulu wa Afrika Magharibi ambaye wafanyabiashara wa Ulaya wa zama za kati walimwita nafaka za peponi. Shirika la Afya Duniani, katika juzuu ya kwanza ya maelezo yake kuhusu mimea ya dawa iliyotolewa mwaka 1999, liliiweka tangawizi miongoni mwa dawa zenye ushahidi wa kitabibu katika kuzuia kichefuchefu. Tungulu halijapata heshima hiyo, na sababu yake haiko katika udhaifu wa mmea bali katika uchache wa waliouchunguza.

Katika Nkore ya kabla ya ukoloni, dawa iliitwa omubazi, na watu walioishughulikia hawakuwa wa aina moja. Omufumu alikuwa mwaguzi, yaani mtu aliyetafuta chanzo cha ugonjwa kwa ramli, na omushaho alikuwa mtabibu wa mwili, ambaye miongoni mwa kazi zake ilikuwa okurumika, yaani kuvuta damu kwa pembe, kazi ambayo Mswahili wa pwani huijua kwa neno lilelile lililopoteza sauti yake ya mwanzo: kuumika, kwa pembe iitwayo chuku. Leo omushaho ni daktari wa hospitali. Mabadiliko ya namna hiyo yalitokea kwa njia nyingine katika Kiswahili, kwani Mkongo wa Kivu husema munganga akimaanisha daktari mwenye koti jeupe, na Mnyarwanda husema umuganga kwa maana hiyohiyo, ilhali kwa mtu wa pwani mganga bila maelezo zaidi ni mtu wa miti shamba na makombe. Wenye lugha hizi wanapokaa kijiji kimoja, swali dogo la "umeenda kwa mganga?" linaweza kueleweka kwa namna mbili zilizo mbali kabisa.

Kwamba utabibu wa eneo hili ulikuwa na kina chake ulithibitishwa, bila kutarajiwa, na mgeni. Mwaka 1879 Robert Felkin, mwanafunzi wa utabibu kutoka Uingereza, alishuhudia mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro iliyo kaskazini mwa Nkore, mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe, naye akaandika habari hiyo katika jarida la kitabibu la Edinburgh mwaka 1884. Mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, mama mwenyewe akanyweshwa pombe hiyo, mishipa iliyotoa damu ikachomwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa vyuma vyembamba na nyuzi za magome, kisha likapakwa dawa iliyotengenezwa kwa mizizi ya aina mbili iliyotafunwa hadi ikalainika. Mama na mtoto waliishi. Felkin hakuacha majina ya mizizi hiyo miwili, na upungufu huo ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu ufundi wa kisu ulipata mwandishi ilhali ujuzi wa mimea uliofunika jeraha ulibaki bila jina.

Ukoloni ulipoingia, Mbarara huko Nkore ikawa kituo cha utawala wa Waingereza, na Mkataba wa Ankole wa mwaka 1901 ukaiunganisha Nkore na falme ndogo za jirani katika himaya ya Uganda. Sheria dhidi ya uchawi, iliyotungwa kwanza mwaka 1912 na kuandikwa upya mwaka 1957, ilimfanya mganga wa kienyeji aishi kwa hofu, ingawa haki inadai isemwe kwamba sheria ya 1957 iliweka wazi kuwa kutengeneza na kuuza dawa za kienyeji kwa nia njema si uchawi. Maneno hayo machache yaliiachia tiba ya mimea mlango wazi, lakini mwananchi wa kawaida hakuisoma sheria. Alichokiona ni kwamba serikali na misheni vyote viliutazama mkoba wa mganga kwa jicho moja, bila kutenganisha hirizi na gome la mti.

Ni katika miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni ambapo Nakivale inaingia katika habari hii. Makazi hayo, yaliyo kando ya Ziwa Nakivali, kilomita zipatazo 60 kutoka Mbarara, katika wilaya ambayo tangu mwaka 2005 inaitwa Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, pale Watutsi wa Rwanda walipokimbia machafuko ya nchi yao. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Wengi wa Wanyarwanda wa kwanza walirudi kwao baada ya vita na mauaji ya kimbari ya 1994, wakati Wanyarwanda wengine walipokuwa wakiingia kwa sababu ya vita hivyohivyo. Wasomali wakafuata, kisha Wakongo wa Kivu tangu vita vya miaka ya 1990, na Warundi wengi baada ya mgogoro wa 2015, hata idadi ya wakazi ikapita 100,000. Kijiji kimoja kinaitwa New Congo. Kiswahili, hasa kile cha Kongo, ndicho kinachowapatanisha watu wengi wa mataifa haya sokoni, kisimani na kwenye foleni ya mgao.

Mkimbizi hufika akiwa na vitu vichache mkononi, lakini ujuzi wa dawa hauhitaji mzigo. Mnyarwanda aliyevuka mpaka mwaka 1960 alikuta majirani zake Wanyankore wakiita omuravumba kile alichokiita umuravumba, kichaka chenye harufu kali ambacho kitaalamu huitwa Tetradenia riparia, na wakiita omubirizi kile alichokiita umubirizi, yaani Vernonia amygdalina, mti mdogo wenye majani machungu ambayo huchemshwa au kupondwa kwa ajili ya homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Kwake yeye dawa ni umuti na mti ni igiti, maneno yaliyotoka shina moja, jambo ambalo Mswahili hulieleza kwa kusema miti shamba. Kwa hiyo mpaka uliochorwa na Wazungu haukukata duka hili la dawa vipande viwili. Msomali alileta mazoea ya upande mwingine, ya chai yenye tangawizi, iliki na mdalasini, na ya habasoda, mbegu nyeusi ambayo jina lake limetoka katika Kiarabu na ambayo Waislamu wa pwani na wa Pembe ya Afrika huitumia kwa pamoja. Na ingawa lugha yake haina undugu na zile za Kibantu, akitaja sanjabiil mbele ya Mswahili aliyesoma madrasa, anaeleweka mara moja.

Kisicholingana ni udongo. Tungulu ni mmea wa kivuli na unyevu, wa kingo za misitu ya milimani kama ile ya Itombwe, mashariki ya Kongo, na ya mabonde yenye vijito, ilhali Nakivale iko katika ukanda mkavu wa nyasi na migunga unaoendelea hadi Ziwa Mburo. Sehemu yenye maji ni ziwa na vinamasi vyake vya mafunjo, ambavyo tangu mwaka 2006 vimo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, yaani mkataba wa kulinda ardhi oevu, na kwa hiyo si mahali pa kufyekwa wala kuchimbwa hovyo. Miti ya vilimani imepungua kwa sababu ya kuni na mkaa, mahitaji ambayo hakuna kaya inayoweza kuyaahirisha. Mganga aliyezoea kuingia msituni akarudi na mzigo wa majani, hapa ana kipande cha ardhi alichogawiwa kwa ajili ya mahindi na maharage, na anachoweza kukifanya ni kupanda uani mimea inayokubali, kama mbirizi na mravumba ambayo huota kwa vipandikizi, yaani vijiti vilivyokatwa na kuchomekwa ardhini, na kununua sokoni ile isiyokubali. Hapo ndipo tangawizi ya sokoni inapochukua nafasi ya tangawizi pori. Badiliko hilo si dogo, maana mmea uliochumwa bure umekuwa bidhaa yenye bei, na mgonjwa maskini hupimiwa dawa kwa uwezo wa mfuko wake.

Kuhusu mbirizi, lipo tukio moja la kisayansi ambalo kila anayedharau miti shamba angefaa kulijua. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale iliyo upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe aliyefanya kazi katika hifadhi hiyo, walimwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku, aliyekuwa mnyonge na mgonjwa, akimenya matawi machanga ya mbirizi, ambao Watongwe huuita mjonso, na kufyonza maji yake machungu ambayo sokwe kwa kawaida huyaepuka. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu. Kalunde ndiye aliyeutambua mti huo kuwa ni dawa ya tumbo kwa watu wake, na makala yao ya 1989 iliandikwa kwa majina ya wote wawili. Heshima hiyo ya kumtaja mjuzi wa mimea kuwa mwandishi mwenza ni adimu katika historia ya sayansi ya Afrika, na inastahili kukumbukwa zaidi kuliko inavyokumbukwa. Mravumba nao ulipata wachunguzi wake Butare, nchini Rwanda, ambako Luc Van Puyvelde na wenzake walitenga kutoka katika majani yake kemikali yenye uwezo wa kuzuia bakteria na kuvu, na kuitangaza katika miaka ya 1980.

Mbarara imekuwa na nafasi ya pekee katika sehemu ya mwisho ya historia hii. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilifunguliwa mwaka 1989 kikianza na kitivo cha utabibu, na mwaka 1996 kituo cha utafiti cha Epicentre, kilicho chini ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, kikaanza kazi mjini humo kikishughulika hasa na malaria. Mbarara ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoshiriki katika jaribio kubwa la AQUAMAT, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2010: kati ya watoto 5,425 wenye malaria kali, waliokufa baada ya kutibiwa kwa atesuneti walikuwa asilimia 8.5, dhidi ya asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Kwinini ni dawa ya gome la mti wa Amerika Kusini, na atesuneti hutokana na mmea wa shekoa ya Kichina ambayo tabibu Ge Hong aliiandika katika karne ya 4 na ambayo ilimpatia Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa zote mbili zilizoshindanishwa katika wodi za Mbarara zilikuwa, kwa asili yake, miti shamba ya mataifa mengine, na tofauti kati yake na mbirizi wa uani ni kwamba zenyewe zilipata watu wa kuzipima, kuzipimia kipimo na kuziandika.

Kazi ya kuandika imeanza pia nyumbani. Maud Kamatenesi-Mugisha, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Bishop Stuart kilicho Mbarara, alichunguza pamoja na Hannington Oryem-Origa mimea ambayo wanawake wa magharibi mwa Uganda hutumia kuharakisha uchungu wa kuzaa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007. Mimea hiyo inatakiwa kutajwa kwa uangalifu, kwa kuwa dawa yenye nguvu ya kubana mji wa mimba ina nguvu pia ya kumdhuru mama na mtoto kipimo kikipita kiasi, na kusifu miti shamba bila kusema hivyo ni kumsaliti mgonjwa. Tangu mwaka 2017 chuo kikuu cha Mbarara kimekuwa na kituo maalumu cha dawa za asili, PHARMBIOTRAC, kilichoanzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wakati wa ugonjwa wa korona, watu walipokuwa wakichemsha tangawizi, malimau na majani machungu katika kila nyumba, Profesa Patrick Ogwang wa chuo hicho alitengeneza dawa ya matone iitwayo Covidex, ambayo mamlaka ya dawa ya Uganda iliiruhusu mwezi Juni 2021 kama tiba saidizi, ikisisitiza kwamba haikuidhinishwa kuwa ponyo la korona.

Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya tiba za asili na tiba mbadala ya mwaka 2019, inayounda baraza la kuwasajili waganga. Kabla yake, kanuni za mwaka 2005 kuhusu rasilimali za kijenetiki, yaani mimea na viumbe vinavyoweza kutumiwa kwa utafiti na biashara, zilidai kwamba jamii ya mahali husika iridhie na inufaike, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaipa kanuni ya aina hiyo nguvu ya kimataifa. Sheria hizi zilimfikiria mtu anayeishi pale mmea unapoota. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006, inayosifiwa kwa haki kwa kumruhusu mkimbizi kulima, kufanya kazi na kutembea, humpa ardhi ya kutumia bila kumfanya mmiliki wake, na haikuwa kazi yake kueleza ujuzi aliokuja nao ni wa jamii ipi. Mtafiti wa Mbarara akimwuliza mzee wa Kibembe au wa Kifuliiru kutoka Kongo aliyeko Nakivale kuhusu tangawizi pori, atapewa jina lake, wakati wa kuchimba mzizi, sehemu ya kutupwa na sehemu ya kuchemshwa, na ugonjwa ambao haufai kutibiwa nayo. Mmea wenyewe umebaki Itombwe, ng'ambo ya mpaka, katika msitu ambao mzee huyo hawezi kwenda kuuonyesha.